Mjumbe akitangaza maslahi akatoka nje ya kikao, hiyo inatosha kweli?

#1 Mzee wa Mizani
Wakuu habari. Niko kwenye baraza la biashara la wilaya, upande wa sekta binafsi, wilaya naihifadhi. Kwa wasiojua, haya mabaraza yapo chini ya Baraza la Taifa la Biashara lililoundwa kwa Waraka wa Rais wa 2001. Ngazi ya mkoa mwenyekiti ni mkuu wa mkoa (RC), ngazi ya wilaya ni mkuu wa wilaya (DC), wajumbe tunachanganywa watu wa serikali na wafanyabiashara, kazi yetu ni kuzungumza uchumi wa wilaya yetu, vikwazo vya biashara, maeneo ya uwekezaji na kadhalika.

Sasa kuna jambo linanisumbua. Kwenye kikao kimoja ililetwa ajenda ya eneo la halmashauri kando ya stendi, kwamba litafutiwe mwekezaji ajenge maduka. Mjumbe mmoja ambaye pia ni diwani akasimama akasema jamani mimi nina maslahi hapa, kampuni ya kaka yangu imeandika barua kuliomba, naomba nitoke. Watu wakamsifu sana, akatoka akakaa nje kwenye kibaraza na simu yake. Sisi tukabaki kujadili, na kila mtu mle ndani alikuwa anajua tunamjadili nani na tutakutana naye kesho sokoni. Ikapita. Hakuna aliyeuliza swali hata moja.

Naamini kabisa alifuata utaratibu. Lakini nikiangalia matokeo ni yaleyale ambayo yangetokea kama angebaki amekaa. Swali langu, hii kanuni ya kutangaza na kutoka inalinda nini hasa?

#2 Binti Mpunga
Inalinda muhtasari wa kikao tu mkuu. CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, akija anakuta imeandikwa "mjumbe alitangaza maslahi na kutoka", anageuza ukurasa.

#3 Fundi Sanifu
Mzee wa Mizani ngoja tuwekane sawa kwanza. Diwani hagawi tenda, tenda zinapita bodi ya zabuni ambayo wajumbe wake ni watumishi wanaoteuliwa na afisa masuuli (kwenye halmashauri ni mkurugenzi), na siku hizi kila kitu NeST, ule mfumo wa manunuzi ya serikali mtandaoni. Na hilo baraza la biashara halina mamlaka ya kugawa ardhi ya halmashauri, linashauri tu. Kwahiyo huyo diwani alitoka kwenye kikao ambacho hakiamui chochote. Mimi naona alizidisha hata.

#4 Mzee wa Mizani
Fundi Sanifu sijasema tuligawa, soma tena. Tulipendekeza, mapendekezo yakaenda halmashauri. Lakini mkeka ukishatoka kwetu una sahihi ya DC kama mwenyekiti, nani kwenye menejimenti atasema hapana?

#5 Wakili wa Kata
Nichangie kisheria kidogo maana naona watu wanachanganya sheria tatu.

Diwani ni kiongozi wa umma kwa mujibu wa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, anajaza tamko la rasilimali na madeni kwenda Sekretarieti ya Maadili kila mwaka kabla ya tarehe 31 Desemba. Halafu zipo kanuni za 2020 za kudhibiti mgongano wa maslahi chini ya sheria hiyohiyo. Pembeni kuna sheria za serikali za mitaa za 1982, ile ya wilaya na ile ya miji, ambazo zinamtaka mjumbe mwenye maslahi ya kifedha kwenye mkataba unaojadiliwa aseme, asichangie na asipige kura. Juu ya hapo kuna kanuni za maadili ya madiwani na kanuni za kudumu za kila halmashauri. Kwahiyo kwa diwani sheria zimejaa mpaka zinamwagika.

Tatizo ni hao wengine. Mzee wa Mizani wewe mwenyewe umeingia kwenye baraza la biashara kama mfanyabiashara. Si diwani, si mtumishi. Hujazi tamko popote. Kesho ikija ajenda inayogusa duka lako, nani anakulazimisha useme? Na umewekwa mle kwa sababu una biashara, ndio sifa yako ya ujumbe. Hapo ndipo pana shimo, sio kwa huyo diwani aliyetoka.

#6 mchumia_juani
Wakili wa Kata umepiga penyewe 👏

#7 Mama Ntilie Mjini
Mie sijui sheria ila najua vibanda. Soko letu lilijengwa upya, tukaambiwa waliokuwepo mwanzo ndo watapewa kipaumbele. Majina yalipobandikwa ukutani tukakuta mtu mmoja ana vibanda vinne kwa majina manne, la kwake, la mke, la mtoto anayesoma chuo, na la dada wa kazi. Dada wa kazi jamani! Yule mtu hakuwa diwani wala mtumishi, alikuwa kwenye kamati ya soko. Mpaka leo tunapanga kwake kwa bei anayotaka yeye, halmashauri inalipwa kidogo yeye anakula juu. Hakutoka nje ya kikao wala hakuulizwa atoke.

#8 Fundi Sanifu
Mama Ntilie pole. Lakini hiyo si mgongano wa maslahi tena, huo ni udanganyifu, TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wapo kwa ajili hiyo.

#9 Mama Ntilie Mjini
Kijana, ukishakosa kibanda jina la kosa halikusaidii.

#10 Dada Mkaguzi
Mimi nimefanya kazi upande wa ukaguzi wa ndani miaka mingi, niseme ninavyoona. Watu wanaangalia kura. Kura ni ya mwisho kabisa. Faida kubwa ipo mapema, kwenye habari. Mjumbe anaposikia kwamba stendi inahamia upande fulani, au barabara ya lami inapita shamba fulani, au eneo fulani litapimwa viwanja, ile siku tu ameshapata. Hahitaji kupiga kura. Anatoka kikaoni anapiga simu, wiki mbili baadaye kuna mtu ananunua mashamba kule kwa bei ya shamba. Mpango ukitangazwa yeye anauza kwa bei ya kiwanja au anasubiri fidia. Na siku kikao cha kuamua kikifika anaweza kabisa kusimama akatangaza maslahi akatoka akiwa msafi.

Kwahiyo swali la Mzee wa Mizani "inalinda nini", mimi jibu langu ni kwamba inalinda dakika ya kuhesabu mikono. Kabla ya hapo hailindi kitu.

#11 Binti Mpunga
Dada Mkaguzi hii imenichoma maana mzee wangu aliuza shamba kwa staili hiyohiyo, mwaka uliofuata pakawa mji.

#12 Omondi wa Nyali
Majirani niaje. Huku Kenya tumepata sheria mpya ya mgongano wa maslahi mwaka 2025, rais aliirudisha bungeni kwanza na mapendekezo yake, wakarekebisha, akatia sahihi mwisho wa Julai. Imefuta ile sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya 2003. EACC, tume yetu ya maadili na kupambana na rushwa, ndio wanaisimamia. Uzuri wake haiangalii pesa yako peke yako, inaangalia pia mke, jamaa na washirika wako wa biashara, na zawadi zina utaratibu wake. Kwahiyo ile hadithi ya kampuni ya kaka, huku imo ndani.

Lakini nisidanganye watu, sheria ni kitu kimoja na kaunti ni kitu kingine. Angalia NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa majimbo ya ubunge. Ile sheria ya 2015 ilimtoa mbunge kwenye kamati ya jimbo ili asigawe pesa na kujisimamia. Sawa. Lakini kwenye hiyo kamati kuna watu wawili wanaopendekezwa na ofisi ya jimbo, na ofisi ya jimbo ni ya nani? Mahakama Kuu iliamua 2024 kwamba sheria yenyewe inakiuka katiba, mfuko ukapewa hadi Juni 2026 uwe umefungwa. Sababu ni za mgawanyo wa madaraka, sio hizi tunazojadili, lakini mzizi naona ni ule mmoja, anayetunga, anayegawa na anayekagua wanakaa meza moja.

#13 Mla Nundu
Omondi karibu jamvini, umekuja na somo leo hujaja na mpira 😂

#14 Omondi wa Nyali
Mpira tutaongea ukishamaliza kulia bana.

#15 Kijana wa Itigi
Wakuu mnazunguka. Sababu ni posho. Diwani miaka mingi alikuwa analipwa 350,000 kwa mwezi. Ana misiba, ana harambee, ana wagonjwa, ana mchango wa shule, watu wanagonga mlango saa kumi na moja alfajiri. Mtu wa kawaida hawezi kazi hiyo, kwahiyo anayegombea ni mwenye biashara, na mwenye biashara lazima biashara yake itagusana na halmashauri kwa sababu huko wilayani halmashauri ndio mteja mkubwa, ndio mwenye soko, ndio mwenye stendi, ndio anatoa leseni. Mnataka mjumbe asiye na maslahi mtampata wapi? Labda mwalimu mstaafu.

#16 Wakili wa Kata
Kijana wa Itigi nakubali nusu. Wenye mishahara mikubwa kuliko diwani nao tumewaona. Posho haielezi yote.

#17 Mwl. Mstaafu
Nimeitwa nimekuja. Mimi ni mwalimu mstaafu na nimekaa kwenye kamati ya mikopo ngazi ya kata, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Sina duka wala kampuni. Lakini nina wanafunzi. Nimefundisha kata hiyohiyo tangu sijaota mvi. Vikundi vikija mezani, katibu nimemfundisha, mwenyekiti nimemfundisha, mweka hazina ni mtoto wa jirani yangu. Sasa nitatoka kila faili? Tukisema kila anayemjua mwombaji atoke, kikao kitabaki na viti. Na tukileta watu wa mbali wasiomjua mtu, ndo hao walipitisha vikundi hewa kwa sababu hawakujua kwamba hao watu hawapo kabisa kijijini. Kumjua mtu ndio kinga yetu na ndio hatari yetu, na mimi sijaona kanuni inayotenganisha hivyo viwili.

#18 Dada Mkaguzi
Mwalimu shikamoo. Hili la vikundi hewa ni kweli kabisa. Mikopo ile ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya ripoti ya CAG, ikarudi 2024, halmashauri 10 zikaanza majaribio ya kupitisha pesa benki na zilizobaki zikaendelea na utaratibu ulioboreshwa. Wazo la benki lilikuwa hilohilo, aamue mtu asiye jirani.

#19 Mwl. Mstaafu
Marahaba. Benki nayo itamuuliza nani kama kikundi kipo? Itamuuliza afisa maendeleo wa kata. Naye atakuja kuniuliza mimi.

#20 Mkwezi wa Pemba
Assalam aleikum. Wakili wa Kata nakurekebisha kidogo, hiyo ya 1995 msiiseme kama ya nchi nzima. Kwetu Zanzibar viongozi wa umma wa SMZ wana sheria yao, Namba 4 ya 2015, na tume yao ya maadili, ndo wanakotoa matamko. Madiwani wa huku wako kwenye hiyo.

#21 Wakili wa Kata
Waaleikum salaam. Sahihi, nilikuwa naongelea Bara. Shukran.

#22 Mtoto wa Houston
Nawasoma toka Texas. Niwape ya huku muone kwamba hata wenzetu wamejikunja. Miji mingi ya Texas ina shirika la maendeleo ya uchumi linalokula sehemu ya kodi ya mauzo ya mji, sheria yake ya kwanza ni ya 1979. Wanaita Aina A na Aina B. Aina B bodi ina watu saba, na sheria inataka watatu kati yao wasiwe madiwani wala maofisa wala waajiriwa wa mji. Yaani madiwani wanaweza kuwa wanne, wengi kabisa, kwenye bodi inayotoa ruzuku kwa biashara za mjini kwao.

Halafu kwa madiwani wenyewe kuna sura ya 171 ya sheria za serikali za mitaa. Hawa wameweka namba, hawakuacha maneno. Una maslahi makubwa kwenye biashara kama unamiliki asilimia 10 au zaidi, au sehemu yako ina thamani ya dola 15,000 au zaidi, au mwaka uliopita zaidi ya asilimia 10 ya kipato chako kilitoka huko. Ardhi ni dola 2,500. Ukifika hapo unaapa kwa maandishi kabla ya kura na unajitoa, ukikiuka kwa kujua ni kosa la jinai. Ndugu wanahesabiwa daraja la kwanza tu, mzazi, mtoto, mke, mkwe. Kaka wa damu ni daraja la pili. Kwahiyo ile kesi ya Mzee wa Mizani, kampuni ya kaka, kwa sura hiyo diwani wa Texas angebaki amekaa akapiga na kura.

#23 Mla Nundu
Weee kaka wa damu hayumo? Mmarekani kaka yake ni nani sasa, jirani?

#24 Kijana wa Itigi
Na sisi tukianza kuhesabu kaka, shemeji, binamu, mtoto wa mama mdogo, wifi, mkwe, somo... wilaya nzima imeisha. Mtoto wa Houston hiyo namba ya asilimia 10 mbona naipenda, inakata maneno.

#25 Dada Mkaguzi
Namba inakata maneno lakini inafundisha watu kukaa kwenye tisa. Weka mpaka asilimia 10, kesho kampuni zote zina wanahisa wa asilimia tisa, na moja iliyobaki kaandikwa dada wa kazi wa Mama Ntilie.

#26 Mama Ntilie Mjini
Huyo dada namtafuta mpaka leo nimpangie kibanda mie 😅

#27 Fundi Sanifu
Mimi bado narudi palepale #3. NeST imefuta mambo mengi. Zamani unaenda kununua kabrasha la zabuni ofisini, wanakuangalia usoni, wanajua wewe nani. Sasa unajisajili, unaweka bei, kila kitu kina alama. Sheria mpya ya manunuzi ya 2023 imewabana. Hivi vikao vyenu vya kutoka nje ni vitu vya zamani, mfumo ndio dawa.

#28 Binti Mpunga
Fundi mfumo unaona kampuni, hauoni shemeji. Na sio kila kitu kinaingia NeST kama tenda. Kukodisha eneo, kugawa vibanda, kuamua barabara ya mtaa gani ichongwe mwanzo, kupanga bei ya ushuru wa mazao. Mimi nanunua mpunga. Ushuru ukipungua kwa mia mbili kwa gunia, wanunuzi wakubwa wanapata milioni kwa msimu, na wanunuzi wakubwa ndio wako kwenye hilo baraza la biashara la akina Mzee wa Mizani. Wanasema wazi, "tunaomba ushuru upunguzwe", na hakuna anayetoka nje maana huo ndo mchango wao. Mkulima anayeuza debe mbili hayupo mle. Hapo mnatumia kanuni gani?

#29 Wakili wa Kata
Hapo Binti Mpunga wengi wanatofautisha, maslahi ya kundi zima na maslahi ya mtu mmoja. Hata huko Texas alikotaja Mtoto wa Houston lazima faida kwa hiyo biashara itofautiane na ya watu wote ndipo diwani ajitoe. Mnunuzi akitetea ushuru wa wanunuzi wote, huo ni uwakilishi. Akitetea eneo lake peke yake, hilo ni jambo jingine.

#30 Binti Mpunga
Na kama wanunuzi wakubwa wa wilaya nzima ni watatu? Hilo ni kundi au ni watu watatu?

#31 Mzee wa Mizani
Nimesoma wote, asanteni. Naona Dada Mkaguzi na Wakili wa Kata wananivuta pande mbili. Mmoja anasema tatizo ni habari kabla ya kikao, mwingine anasema tatizo ni sisi wa sekta binafsi kukosa kanuni. Mwalimu naye anasema tukibana sana tunafukuza wanaojua. Nafikiria kupeleka pendekezo kikao kijacho, kila mjumbe wa sekta binafsi aandike biashara zake na maeneo anayomiliki wilayani kwenye daftari moja, lisomwe mwanzo wa kila kikao. Sio kwa kulazimishwa na sheria, kwa makubaliano yetu tu.

#32 Kijana wa Itigi
DC atakubali, wajumbe hawatakubali.

#33 Omondi wa Nyali
Na wakikubali wataandika lile duka tu lenye bango barabarani.

#34 Dada Mkaguzi
Mzee wa Mizani andika hata hivyo. Mimi nikiwa mkaguzi, karatasi yenye uongo ilinisaidia kuliko kukosa karatasi kabisa. Mtu asipoandika kiwanja chake kando ya stendi halafu kikaja kuonekana, hapo nina pa kuanzia. Asipoulizwa kabisa, sina. Ongeza kitu kimoja, tarehe aliyonunua.

#35 Fundi Sanifu
Tarehe ya kununua hiyo nzuri. Lakini shamba la kijijini watu wanaandikishana kwa mtendaji, tarehe anaweka anayotaka.

#36 Mwl. Mstaafu
Mtendaji wetu nimemfundisha. Hawezi kubadilisha tarehe nikiwa hai.

#37 Mla Nundu
Mwalimu 🙌🙌

#38 Mkwezi wa Pemba
Mzee wa Mizani na yule diwani kaka yake alipewa eneo au bado?

#39 Mzee wa Mizani
Bado. Halmashauri wamesema watatangaza upya wawekezaji washindane. Sijui kama ni sababu ya utaratibu au kuna mwingine mkubwa zaidi amelitaka.

#40 Binti Mpunga
Uliza nani alinunua mashamba nyuma ya hiyo stendi mwaka jana.